Bagamoyo tunazikana Wakristo na Waislamu miaka yote, ila watoto wetu hawajui tena inafanywaje (uzi mrefu)

Fundi wa Dunda (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu, Tumsifu Yesu Kristo kwa wenzangu. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Dunda hapa Bagamoyo, mwaka wa ishirini na sita huu nipo kwenye randa. Mkatoliki. Babu mzaa baba alikuwa Muislamu, bibi mzaa mama kafa Muislamu, shangazi zangu wawili wanavaa baibui na mjomba wangu ni katekista, kwa hiyo nikisema Waislamu sisemi watu wa mbali, nawasema kina shangazi.

Jambo lenyewe limetokea wiki iliyopita hapo karakanani. Nina kijana namfundisha kazi, miaka kumi na tisa, mlokole, mtoto mzuri hana ugomvi na mtu. Asubuhi kama saa mbili wakaja vijana wa msikitini, kuna mzee kafariki alfajiri na maziko ni baada ya adhuhuri, wanataka viunza haraka. Mi nilikuwa nimeenda kupima mlango kwa mtu. Kijana akawauliza viunza ndo nini, wakamwambia mbao za kaburini, akasema hapa sisi hatufanyi mambo ya dini nyingine, nendeni kwa fundi Muislamu. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anaogopa kumkosea Mungu. Wale vijana nao hawakukaa kumwelewesha, wakaondoka wamenuna, na mmoja akatuma sauti kwenye grupu la mtaa kwamba fundi wa Kikristo kakataa kuzika Muislamu. Narudi saa tatu na nusu simu inawaka moto, watu ninaosalimiana nao kila siku wananiuliza fundi kulikoni.

Nilikata viunza palepale, mbao za mwembe nilizokuwa nimeziweka kwa kazi nyingine, nikavibeba mwenyewe begani mpaka msibani nikaomba radhi. Mzee mmoja wa msikiti akanishika mkono akaniambia, "Fundi, sisi na wewe hatuna neno. Ila huyo mtoto kesho niletee."

Nilimpeleka. Nilidhani atasemwa. Mzee akamchukua mpaka makaburini kulikokuwa kunachimbwa kaburi lingine, akamwonyesha, ndani ya kaburi kunachimbwa mwanandani, kale kashimo ka mwisho kanakomtosha mtu mmoja, maiti analazwa humo ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, na kibla kwetu huku ni kaskazini, halafu viunza vinapangwa juu yake ndipo udongo unarudishwa. Akamwuliza, unajua kazi ya ule ubao? Kijana kimya. Akamwambia, ni ili mchanga usimwangukie usoni. Yule mtoto machozi yalimlenga, mimi nilimwona kabisa, maana mama yake alizikwa miaka miwili tu iliyopita na anajua mchanga ukianguka juu ya sanduku unatoa sauti gani.

Sasa mimi siku zile zote nimekuwa nawaza, sisi nani alitufundisha? Fundi wangu mimi, Mungu amrehemu, alikuwa Muislamu wa swala tano, na ndiye aliyenifundisha kuunganisha msalaba wa kaburini. Unakata nusu unene huku na nusu unene huku, ukiukutanisha unakaa wenyewe hata msumari hujapiga. Alikuwa anaukagua kwa kidole kama anavyokagua mlango wa mteja, ukiwa na mwanya anakurudisha. Nilimwuliza siku moja, mwalimu hii we hupati tabu? Akasema aliyekufa ni jirani yangu na anayelia ni mama yake, mimi nimpelekee mti uliopinda? Na viunza hakuchukua hela ya ufundi, alichukua ya mbao tu. Mi nimeendelea hivyohivyo.

Hoja yangu ni hii tu wakuu. Kila siku tunasema Tanzania kisiwa cha amani, tunazikana, tunaoana, kana kwamba hayo yanaota yenyewe kama majani ya ukoka. Hayaoti. Yalikuwa yanafundishwa, tena kwa mkono, mtoto anatumwa na sahani, anaambiwa vua viatu, anaambiwa hapa simama nje usubiri wamalize kuswali. Hawa wa sasa dini wanajifunza kwenye vipande vya video vya dakika moja, na anayetengeneza kipande hana jirani wa kumzika. Naomba tujadili, na kama una la kwenu lete. Matusi hapana tafadhali.

Msema Kweli Daima

Mkuu umeandika vizuri ila tuambizane ukweli. Dini haichanganywi. Mkristo anasema Yesu ni Mwana wa Mungu, Muislamu anasema Isa ni nabii, mmoja hapo kakosea na suala ni pepo na moto. Hizi habari za kupelekeana sahani zinafanya watu waone dini zote sawa. Na ukitaka tufukue historia, Bagamoyo hapohapo nani aliuza watumwa na nani alileta ukoloni? Msitupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Fundi wa Dunda

Mkuu Msema Kweli nakushukuru umeuliza waziwazi, nakujibu nawe waziwazi. Sijasema dini zote sawa. Mi naamini Yesu ni Mwana wa Mungu na fundi wangu hakuamini hivyo mpaka anakata roho, tulibishana sana tu karakanani tena wakati mwingine mpaka chai inapoa. Kubishana sio vita. Anayekwambia ili ukae na jirani lazima kwanza ulegeze imani yako huyo hajakaa na jirani, maana waliokuwa wanatuheshimu sana pale mtaani ni wale wazee walioshika dini zao barabara, sio walioziacha.

Kuhusu historia tuifukue, mi siiogopi, nimezaliwa juu yake. Misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia hapa, pembe na watu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar 1868, na walivuka kwa ruhusa ya Sultani, Muislamu, ule msalaba wa kule ufukweni unaonyesha walipofikia. Wakafungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hiyo tunafundishwa sana sisi Wakatoliki, tuliadhimisha miaka 150 mwaka 2018 watu wakajaa mpaka kwenye ile njia ya miembe. Ila kuna nusu ya pili ambayo wengi wetu hatuambiwi. Sheikh Ramiya, yule mkubwa wa tarika ya Kadiria aliyefariki 1931, ambaye kwa ajili ya zawia yake, yaani kile kituo cha tarika, watu wanakuja Bagamoyo kwa ziara mpaka leo, naye aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo. Mtoto mtumwa, akasoma, akawa sheikh wa kutegemewa na pwani nzima. Kwa hiyo mkuu angalia hapo, barabara moja ya msafara, watoto walewale waliotekwa, mmoja njia imemfikisha misheni mwingine imemfikisha zawiani. Wajukuu wao leo wanatukanana mtandaoni nani aliuza nani. Waliouzwa ni babu zao wote wawili.

Na ukitaka vita, 1888 na 1889 Abushiri alipopigana na Wajerumani mji huu uliharibiwa vibaya, watu kwa maelfu wakakimbilia misheni wakalala kwenye mashamba ya mapadre, na Waislamu walikuwemo. Wapiganaji wa Abushiri hawakuivamia ile misheni. Walikuwa na sababu zao za kuwachukia Wazungu na bado pale hawakugusa. Mi nikipita kwenye yale makaburi ya misheni huwa nalifikiria hilo kuliko hata habari za Livingstone, ingawa nayo ina somo, maana mwili wake ulipofika hapa Februari 1874 walioubeba kwa miguu kutoka kule Zambia ya leo walikuwa kina Chuma, aliyekuwa kabatizwa, na kina Abdullah Susi, wamebeba mzigo mmoja miezi na miezi.

Bint Chumbageni

Shikamoo fundi. Mimi niko Tanga, nimelelewa Ngamiani barabara ya 12, Muislamu. Naomba nichangie jambo la spika za nyumba za ibada kwa sababu najua hapo ndipo ugomvi wa mitaa mingi unapoanzia.

Mtaani kwetu kulikuja kanisa jipya, wakapanga fremu mbili wakazitoboa wakafanya moja, ikaingia Ramadhani nao wakaanza mkesha, spika imeelekea barabarani na msikiti uko hatua chache. Ilikuwa saa ya tarawehe, imamu anasoma huku ngoma na gitaa. Siku ya kwanza watu wakavumilia, ya pili wakaanza kunung'unika, siku ya tatu vijana walikuwa wamekaa pale pembeni ya duka na mmoja namfahamu ana jiwe mkononi. Wallahi sitasahau. Mama yangu alikuwa anamaliza kupakua futari, akaona kutoka dirishani, hakusema na yeyote, akachukua sinia akaweka kaimati, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga kwenye chupa, akajitanda khanga akaenda kubisha hodi kwa mke wa mchungaji. Sio kwa mchungaji, kwa mkewe.

Alikaa kule nusu saa. Kumbe wale watu ni wa kutoka bara kabisa, wamekulia sehemu ambayo haina msikiti, mchungaji anajua Waislamu wanafunga lakini hajui kwamba usiku kuna swala ndefu, alidhani wakishafuturu wamemaliza. Mkewe alilia kwa aibu. Usiku uleule spika iligeuzwa ikaangalia ndani, na wakakubaliana mkesha uanze saa nne. Halafu mama naye hakuwaacha hivihivi watu wa msikiti, alimwambia imamu na sie Jumapili asubuhi dufu la watoto wa madrasa lisubiri wenzetu watoke ibada. Mpaka leo linasubiri.

Nakuunga mkono fundi kwamba watu hawajui. Ila naongeza, mara nyingi anayejua kuingia nyumba ya pili ni mwanamke, na kwenye vikao vya amani wanaoitwa ni masheikh na maaskofu tu.

Fundi wa Dunda

Marahaba binti, na mama msalimie sana. Hilo la mwisho ulilosema nimelisoma mara tatu, ni kweli tupu na mi sikulifikiria.

Ngoja na mimi niseme langu, sijawahi kuliandika popote. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, mtoto wa kwanza, kila kitu kinaniangalia mimi. Maturubai nikaleta, sanduku nililiunda mwenyewe usiku. Mbuzi wawili wakaletwa, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamwambia binamu yangu chinja tufanye haraka watu wanatoka mbali. Binamu Mkristo. Akachinja. Hakuna aliyesema neno. Chakula kikaiva, masinia yakaenda, na mimi nikaona majirani zangu wote wa Kiislamu, wale waliokesha na mimi siku mbili, waliochimba, akina mama waliopepeta ule mchele, wamejikusanya upande mmoja wanakunywa chai kavu na mihogo. Nikadhani wamefunga sunna. Nilikuja kuambiwa baada ya kuanua matanga, na bibi jirani, mtu mzima sana, alikuja kunirudishia sufuria lake akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hatukususa chakula cha mama yako. Tulikunywa chai yake." Basi. Akabadilisha maneno akaniuliza habari za watoto.

Nyie, nilikaa chini. Yule mama alikuwa ananipa mkono wa heri wa kwanza kila mwaka Pasaka, kila Idd sahani ya kwanza inakuja kwangu, na siku ya mama yangu mwenyewe nimemlaza na njaa na amenificha nisione aibu mbele za watu.

Kuna mtu atasema mbona Quran yenyewe, Al-Maida aya ya 5, inasema chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ni halali kwao. Ni kweli ipo, na wanazuoni wana maelezo yao juu ya sharti za uchinjaji, mi sio wa kuwafundisha. Ila katekista, yule mjomba, alinipa jibu lililonitosha kutoka upande wangu mimi, Wakorintho wa kwanza sura ya 8, Paulo anasema kama chakula kinamkwaza ndugu yake basi yeye hatakula nyama kamwe. Hajasema kwanza tukae tuamue nani yuko sahihi. Kumwita jirani ashike kisu kunanigharimu nini mimi? Dakika tano. Mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji akauawa. Kwa ajili ya kisu.

Tangu pale msiba wowote nikihusika swali la kwanza nauliza nani anachinja, na masufuria ya mtaa tumekubaliana kitimoto hayaingii, mwenye kutaka kitimoto ana sufuria lake nyumbani na hakuna anayemuuliza.

Mama Wawili

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mimi ni Mkristo, niko Magomeni hapahapa Bagamoyo, mdogo wangu wa kike anataka kuolewa na kijana wa Kiislamu na nyumbani hapakaliki. Baba kasema hatakanyaga. Fundi na wengine mnashauri nini?

Fundi wa Dunda

Dada pole, hiyo siwezi kukwambia ni nyepesi. Nieleze ninachokijua tu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu kufunga ndoa ya serikali bila mmoja kubadili dini, wanakwenda bomani kwa msajili, wanatoa taarifa siku 21 kabla, na inatambulika sawasawa na ya kanisani na ya msikitini. Upande wa Waislamu mwanamume kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab (hao waliopewa Kitabu) wanazuoni wengi wanaruhusu, ila mwanamke wao kuolewa na asiye Muislamu hapana, kwa hiyo kwa mdogo wako mlango upo kidogo. Kama nyie Wakatoliki aende kwa paroko mapema, kuna ruhusa ya askofu inaombwa, asiende wiki moja kabla.

Lakini kwenye nyumba za namna hiyo nilizozijua, yangu ikiwemo kwa mababu, palipoharibikia sio harusini. Ni watoto. Watabatizwa au watapelekwa madrasa, na mkifa mtazikwa wapi. Wakae wawili waseme hayo sasa hivi wakati wanapendana, tena mbele ya mtu mzima wa kila upande, wasije kuyasema hospitalini siku mtoto kazaliwa na mashangazi wamejaa mlangoni. Na baba msimshindane. Tafuteni mtu wa rika lake, ikiwezekana Muislamu anayecheza naye bao, akae naye. Mzee anaogopa kumpoteza mtoto, hicho ndo kinachosema kwa sauti ile.

Msema Kweli Daima

Fundi nimekusoma tena nimepoa kidogo. Ila swali langu bado lipo, mambo ya sahani na kisu yanasaidia nini moto ukishawaka? 2012 Mbagala makanisa yalichomwa na watu walikuwa wanaishi na majirani miaka.

Fundi wa Dunda

Hapo umegonga penyewe mkuu, na nafurahi umerudi.

Mbagala Oktoba 2012 ilianza na watoto wawili. Watoto! Wanabishana juu ya Msahafu, mmoja akafanya alichofanya, na ndani ya siku chache makanisa yanaungua. Mi siku zile nakumbuka hapa kwetu Jumapili watu waliogopa kwenda misa ya kwanza, giza halijaisha vizuri. Kulikuwa na ujumbe unazunguka kwenye simu kwamba na Bagamoyo wanakuja. Sijui nani waliotakiwa kuja. Nilitoka na mke wangu na watoto, tukifika njiani nikaona watu wamesimama karibu na lango, moyo ukaruka, kumbe ni majirani, wazee wanne na vijana wao, wameswali alfajiri wakapitiliza pale wakakaa juu ya kijiwe. Mmoja akasema tu, "Piteni, mnachelewa." Hawakuitwa na polisi wala mkuu wa wilaya wala hakuna aliyepiga picha. Walikaa mpaka misa ya pili ikatoka.

Sasa niambie, wale wazee waliamua alfajiri ile? Hapana. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anakuja kuchukua viunza kwa fundi wangu tangu mi niko mwanafunzi. Mwingine mkewe ndiye yule bibi wa chai. Moto ukiwaka hupati nafasi ya kuanza kujuana, unakwenda na ulichonacho. Penye ujirani mwembamba moto unapita, na Dar mtaa unakuta watu wamehamia miezi mitatu, sita, jina la jirani hulijui, huwezi kuwalaumu sana kwamba hawakusimama langoni kwa mtu wasiyemjua.

Na serikali nayo tangu mwanzo ilijua hatari iko wapi, ndo maana sensa baada ya ile ya 1967 haituulizi dini, na Kanuni ya Adhabu kifungu cha 129 inamkamata mtu anayetamka maneno kwa nia ya kuumiza imani ya mwenzake. Nayaheshimu hayo. Ila sheria inakuja baada ya jiwe.

Bint Chumbageni

Fundi, yule mzee wa msikiti amemwonyesha kijana aya? Baba yangu alikuwa anapenda sana Al-Mumtahina aya ya 8, kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na alikuwa akitukumbusha kwamba Waislamu wa mwanzo kabisa walipoteswa Makka, Mtume aliwapeleka kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, Mkristo, akawakatalia Makureshi waliokuja kuwadai. Alikuwa anasema sisi deni la Najashi hatujamaliza kulipa.

Fundi wa Dunda

Hiyo ya deni la Najashi nimeipeleka karakanani leo asubuhi, nimemsomea kijana kwenye simu. Akaniomba nimtumie.

Wakuu nimekuwa kimya siku sita hizi, mtanisamehe. Yule bibi wa chai amefariki. Alikuwa anaumwa tangu mwisho wa Ramadhani, mwaka huu wa 2025 mfungo wetu na wao ulianza ndani ya wiki moja kwa hiyo mimi nilikuwa kwenye Kwaresima na bado alikuwa ananiletea futari, ananiambia na we umefunga, kula.

Walikuja kunigongea saa kumi na moja alfajiri. Kijana alikuwa amelala karakanani siku hiyo kwa sababu ya oda ya madawati, akaamka kabla yangu. Nilipofika taa imeshawashwa na yeye ameshatoa mbao za mwembe kazisimamisha ukutani. Akaniuliza bibi alikuwa na urefu gani. Nikamwambia mfupi, anafika hapa, nikamwonyesha begani kwangu. Alikata mwenyewe. Nilitaka kumsaidia kupiga randa akasema aa fundi wewe kaa. Vipande saba, akavipiga msasa pande zote mbili, mbao ambazo hakuna atakayeziona tena, nikamwacha apige.

Alivibeba yeye. Msikitini wakati wa swala ya maiti tulisimama wote wawili nje chini ya mkungu, kavua kofia kaishika. Kaburini alishuka na vijana wa msikiti kuwapokezea viunza kimoja kimoja, mzee alimwambia ashuke. Binti wa marehemu hakuwepo makaburini maana wanawake kwao hawaendi, ila alishaambiwa.

Jana imesomwa hitma. Jioni katoto kakaletwa karakanani na sahani kubwa ya bluu ya udongo, pilau, imefunikwa na kitambaa cha kufuma, na kakasema hii ya fundi mdogo. Kijana kala mpaka kamaliza, kaiosha sahani, kaifuta kwa fulana yake safi, halafu akaja kusimama mbele yangu ameishika kwa mikono miwili.

"Fundi, hii tunairudisha tupu?"

Nikamwambia hairudi tupu. Kaenda dukani kununua sukari kilo moja.